Niliwaosha Mama za Watu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumbani kwa mgonjwa kinyumenyume. Mikononi nilikuwa na beseni la maji ya vuguvugu, begani taulo mbili, na mgongo wangu ndio uliotangulia. Nilipapasa kwa kisigino mpaka nikaigusa meza ndogo ya kando ya kitanda, nikapinda kiuno nikaliweka beseni bila kugeuza uso, kisha nikasimama nikiutazama ukuta. Palikuwa na picha ya ng'ombe wa kahawia akila nyasi. Nilimtazama ng'ombe yule mpaka nikamjua kuliko ng'ombe wetu wa nyumbani.

Nyuma yangu alilala bibi mzee aliyeitwa Gerda. Kiharusi kilikuwa kimempiga, mkono na mguu wa kulia haimtii tena, na kazi niliyopewa asubuhi ile ilikuwa kumwosha mwili mzima. Hapo ni Ujerumani, katika nyumba ya kutunzia wazee kwenye mji mdogo wa bondeni, miaka ya themanini. Mimi nilikuwa Khisa, kijana wa Misikhu, kule Bungoma, Kenya, niliyepelekwa kusomea uuguzi kwa mpango wa parokia yetu. Nilijua kuchoma sindano kabla sijaondoka nyumbani, kwa hiyo nilidhani naijua kazi.

Wasomaji wasiotoka Bungoma huenda wakacheka, kwa hiyo nieleze. Kwetu kijana akishapita jandoni haingii tena chumba anacholala mama yake. Ana kijumba chake, na akimhitaji mama humwita akiwa nje. Wanawake wa rika la mama yake nao ni mama zake. Kisha akioa anapata mama mkwe, ambaye hata kumpa mkono ni makosa, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie kichakani. Sasa mtu wa namna hiyo unampa beseni na kumwambia, nenda ukamvue nguo bibi kizee. Ningefanya nini zaidi ya kumtazama ng'ombe?

Mlango ukafunguliwa, akaingia Msimamizi wa Mafunzo. Huyo ni muuguzi mkongwe ambaye kazi yake ni kuwafuata wanafunzi wodini na kuwasahihisha. Wetu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu visivyotoa sauti, na hakuwa na haraka hata siku moja. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akaniuliza nilikuwa naangalia nini, na kwa Kijerumani changu cha siku zile nikamjibu kwa ukweli kwamba naangalia ng'ombe.

"Bwana Khisa," akasema, "ng'ombe huyo hana kiharusi. Mgonjwa wako yuko upande ule mwingine."

Akamwosha Bi Gerda mwenyewe, mimi nikishika taulo huku macho nimeyafumba. Nilisikia maji yakichuruzika na nikasikia mgonjwa akicheka kidogo, kicheko cha mdomo uliopinda. Nilitoka pale shati limelowa jasho, na nje theluji ilikuwa inaanguka.

Masomo yetu yalikuwa ya miaka mitatu, wiki kadhaa darasani na wiki kadhaa wodini, zikipokezana. Miezi sita ya mwanzo ilikuwa ya majaribio. Mwisho wake kila mwanafunzi alimwosha mgonjwa mbele ya Mkuu wa Uuguzi, akitazamwa kuanzia kubisha hodi hadi kumwaga maji. Anayeshindwa anaondoka chuoni. Kwa mwenyeji hilo lilimaanisha kutafuta kazi nyingine. Kwa mgeni lilimaanisha ndege, maana kibali cha kukaa kilifungamana na masomo.

Mimi nilikuwa nimesindikizwa na nusu ya Misikhu. Kwaya iliimba, na mama yangu alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea mpaka dereva akachoka kungoja. Usiku nililala nikijiuliza nitarudi niwaambie nini. Kwamba nilirudishwa kwa sababu nilishindwa kumgusa bibi kizee? Na kulikuwa na swali la pili, ambalo lilinitesa zaidi. Nikiweza je? Nitarudi kwa mama yangu nikiwa mtoto wa namna gani, na mikono hii?

Upweke wa ugenini nao ulikuwa na yake. Kijerumani nilichofundishwa kwenye kozi hakikuwa kile walichozungumza wazee wa bonde lile, kwa hiyo nilielewa redio na sikuelewa watu. Ngazini majirani walinipita wakiangalia funguo zao. Jumapili yangu ya kwanza mama mwenye nyumba alinialika mezani akaniuliza kama nitakula keki. Nikasema hapana, asante, maana ndivyo nilivyolelewa: mgeni hukataa kwanza, mwenyeji akasisitiza, mgeni akakataa tena kwa sauti ndogo, halafu sahani ikaletwa. Mama yule akasema sawa, akaichukua keki akairudisha kabatini. Nilikaa pale nikinywa chai huku tumbo likinguruma, nikingoja asisitize, mpaka akaniaga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kule neno la kwanza ndilo la mwisho.

Wodini alikuwepo pia mzee mmoja aliyesema hataki kuguswa na mtu mweusi. Aliyasema mbele yangu. Msimamizi wa Mafunzo akamwambia, "Huyu ndiye muuguzi wako wa leo. Ukimhitaji, kengele iko hapo." Akanishika kiwiko tukatoka. Kabla ya chakula cha mchana kengele ikalia, nikaenda, nikamsaidia, naye hakuniangalia usoni. Miezi ilipita kabla hajaniuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia karibu na Mlima Elgon, akataka kujua kama kuna ngano. Tukaongea habari za ngano.

Kwa wanaume kama huyo sikuwa na shida. Nilikuwa mwepesi, nina nguvu, nacheka nao. Shida ilikuwa upande wa akina mama, na huko nilipata ujanja. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, binti wa bonde lile aliyeitwa Petra, hakupenda kuwanyoa wanaume ndevu. Tukakubaliana. Mimi nichukue wanaume wake, yeye achukue wanawake wangu. Tuliendelea hivyo kwa wiki kadhaa, na nilianza kuamini kwamba Mungu amenifungulia njia.

Msimamizi wa Mafunzo aligundua. Aliniita ofisini, akanipa kiti, akanimiminia kahawa bila kuuliza, jambo ambalo lilinigusa. Halafu akasema hawana muuguzi wa nusu ya watu. Alisema hajui kwetu kukoje na hawezi kunihukumu, lakini uuguzi haugawanyiki, na mtihani wangu wa majaribio utafanyika kwa Bi Gerda. Nikamwomba anibadilishie mgonjwa. Akasema haiwezekani, maana Bi Gerda ameniomba mwenyewe.

Alasiri ile nilimsukuma Bi Gerda kwa kiti cha magurudumu mpaka dirishani. Aliongea polepole, neno moja moja, kwa sababu ya ule ugonjwa. Akaniuliza kwa nini namwogopa. Nikamweleza nilivyoweza: jandoni, kijumba, mama, mama mkwe, kichaka. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Nikamwambia kwamba ninaona aibu kwa sababu namheshimu.

Aliutazama ule mkono wake uliopooza. Kisha akasema, "Anayevuliwa nguo ni mimi. Aibu ni yangu. Wewe umeichukua yote ukaenda nayo ukutani, na mimi ninabaki hapa uchi, peke yangu."

Tangu nizaliwe nilifundishwa kwamba kugeuka ndiyo heshima, na sikuwahi kumfikiria anayeachwa nyuma ya mgongo wangu. Nililia pale dirishani, mtu mzima wa jando. Bi Gerda akanipapasa mkono kwa mkono wake mzima.

Kesho yake nikaingia uso mbele. Nitawaeleza tulivyofanya, maana mtu akiniuliza uuguzi ni nini, kwangu ni hili. Kwanza unabisha hodi na kungoja, hata kama mgonjwa hawezi kujibu. Unafunga dirisha na kuvuta pazia. Unayajaribu maji kwa upande wa ndani wa kiwiko, halafu unampa mgonjwa ayajaribu kwa mkono wake. Unaanza na uso, bila sabuni. Sehemu unayoosha ndiyo tu inayofunuliwa, nyingine yote imefunikwa taulo, na ukimaliza unaikausha na kuifunika kabla hujaenda nyingine. Kitambaa cha juu si kitambaa cha chini. Mkono uliopooza unashikwa kwenye viungo viwili, usining'inie. Macho yako yanafuata mkono wako na hayatangulii. Hiyo yote iko vitabuni. Mimi niliongeza moja, kwa sababu bila hiyo nisingethubutu: kabla ya kila hatua niliomba ruhusa. Naomba kuuosha mkono wako. Naomba kukugeuza. Naomba kuuosha mgongo.

Bi Gerda aliitikia kila mara, mwanzoni kwa kunidhihaki, baadaye kwa dhati. Siku ya mtihani Mkuu wa Uuguzi, mama wa miwani na kofia nyeupe iliyopigwa pasi, alikaa pembeni ya chumba. Niliosha kuanzia uso, nikiomba ruhusa kila hatua. Mwisho aliniuliza kwa nini naomba ruhusa kila mara wakati naweza kuomba mara moja tu mwanzoni. Kabla sijapata maneno Bi Gerda akajibu kutoka kitandani. Akasema, "Kwa sababu ananiomba kama mama yake." Mkuu wa Uuguzi akavua miwani akaifuta. Nilipita.

Bi Gerda aliishi hadi mwaka wangu wa tatu. Alipofariki, kazi ya kumwosha kwa mara ya mwisho ilikuwa ya wodi, na nikaiomba. Nilifungua dirisha kidogo, ndivyo wanavyofanya kule, nikamwosha polepole huku nikimwambia kila nilichokuwa nataka kufanya, kama kawaida yetu. Mwanawe wa kiume alifika jioni kutoka mbali. Aliponikuta nimeketi koridoni, aliniuliza kama mama aliteseka. Nikamwambia hapana. Tukakaa pamoja, wana wawili, mpaka wakaja kumchukua.

Baada ya kuhitimu nilihamia hospitali ya mji mkubwa, wodi ya mifupa. Huko Daktari Mkuu alipita kila asubuhi na msafara wa madaktari wadogo nyuma yake, na sisi wauguzi tulisimama kando tukijua mengi ambayo hakuuliza. Nilijifunza kumgeuza mtu aliyevunjika nyonga bila kumuumiza, mto katikati ya magoti, watu wawili, shuka dogo la kumsogezea chini ya makalio ili ngozi isiburuzwe. Nilikaa miaka mingi. Nilipata marafiki wa kweli, nikaota ndoto kwa Kijerumani, na wakati wa kiangazi nilizoea kula chakula cha jioni jua likiwa bado linawaka.

Nilipokuja nyumbani likizo, mama aliniuliza ninafanya kazi gani hasa, maana watu wa kanisani walimuuliza. Tulikuwa nje, yeye anachambua mboga za sucha. Nikamweleza kwamba ninatunza wazee, ninawalisha na kuwaosha. Akauliza kama ninawaosha hata akina mama. Nikasema ndiyo. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akauliza kama akina mama hao wana watoto wa kiume. Nikasema wanao. Akauliza wako wapi. Nikasema wako kazini. Akaendelea kuchambua mboga, na hakuligusa tena jambo lile kwa miaka na miaka, wala mimi sikuligusa.

Nilirudi Kenya moja kwa moja baba alipofariki, nikapata kazi katika hospitali ya misheni upande wa Kitale. Matroni alinipokea vizuri, lakini nilipoanza kuulizia mabeseni alinikalisha chini. Akaniambia, "Bwana Khisa, sista mmoja hapa ana wodi nzima. Kuosha ni kazi ya jamaa. Ukianza kuosha, nani atatoa dawa?" Na alikuwa na haki, nilihesabu vitanda mwenyewe. Kwa hiyo tukaafikiana kwamba saa za kutembelea wagonjwa nitawafundisha jamaa: namna ya kugeuza, namna ya kufunika, maji yawe na joto gani. Akina mama walijifunza haraka. Wanaume walisimama barazani.

Namkumbuka bwana mmoja wa Myanga, mzee wa kanisa, aliyemleta mama yake. Mama huyo alizaa wavulana watupu. Bwana yule alisimama mlangoni na beseni mikononi akingoja mwanamke yeyote apite, hata asiyemjua, amwombe. Maji yalipoa. Nikamwendea nikamwomba beseni. Akanipa bila kuniangalia, akaondoka mpaka kwenye bustani, akavua kofia. Nilipomaliza alikuja akaniambia, "Daktari, umeniondolea mzigo. Lakini usinieleze ulifanya aje." Nikamhakikishia kwamba sitamweleza. Wanaume wa namna ile walikuwa wengi, na niliwaelewa wote.

Miaka ya mwisho nilikuwa mwalimu. Siku hizi vijana wetu wanakwenda Ujerumani kwa wingi kusomea uuguzi, na Kitale kuna madarasa. Letu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mimi sikufundisha lugha, walikuwepo walimu wachanga wa hiyo. Mimi nilifundisha kitanda, beseni na mwanasesere mkubwa wa mpira ambaye wanafunzi walimbatiza jina la kukhu, yaani nyanya. Walinisalimia "Niaje mwalimu" na mimi nikawajibu poa, wakafurahi.

Niliwaambia wajifunze kusema ndiyo kwa keki mara ya kwanza. Niliwaambia watalia miezi ya giza ya majira ya baridi na wasidhani wamerogwa. Na niliwasimulia habari za Bi Gerda, kila kundi jipya, kwa sababu nilijua kila kundi lina kijana anayepanga kimoyomoyo kumtafuta Petra wake.

Siku moja msichana wa Kamukuywa aitwaye Faith akainua mkono. "Sasa mwalimu," akasema, "na mama yako? Akizeeka, utamwosha?"

Nikasema mama yangu bado analima sukumawiki yake mwenyewe na ana nguvu kuliko mimi. Wote wakacheka. Faith hakucheka, alinitazama tu kwa upole, na mimi nikawaambia tumgeuze kukhu upande wa kushoto. Niliporudi nyumbani jioni swali lilikuwa bado limekaa nami mezani. Nilikuwa nimewaosha mama za watu nisioweza kuwahesabu, na jibu la swali lile sikuwa nalo.

Nimestaafu sasa. Nina shamba dogo nje ya Kitale, parachichi na ng'ombe wawili. Marehemu mke wangu ndiye aliyechagua mahali, kwa sababu unaona mlima asubuhi. Mtu huniuliza kama ningekuwa tajiri zaidi nikibaki kule. Labda. Nilikuwa mgeni kule na nilipendwa kule, yote mawili ni kweli, na sitaki kijana yeyote adanganywe kwamba atapata moja tu. Kazi yenyewe siijutii hata siku moja. Ningepewa ujana tena ningebisha hodi kwenye mlango uleule.

Lakini mwaka huu, baada ya msimu wa kupanda, mama aliteleza jikoni kwake Misikhu akavunjika nyonga. Wakamfanyia upasuaji, ukaenda vizuri, wakamrudisha nyumbani. Sisi tumezaliwa wavulana watupu. Mdogo wangu Wanjala ndiye anayeishi pale nyumbani na mkewe Rose, na Rose ndiye aliyemwosha mama, ingawa mgongo wake mwenyewe ni mbovu na mama ni mwanamke mkubwa. Tulitafuta mwanamke wa kuajiriwa, mama akamkataa siku hiyohiyo. Alisema hajui mwanamke huyo ni binti wa nani.

Nilihamia Misikhu na begi moja. Kila asubuhi nilikaa sebuleni, Rose akiwa chumbani na mama, na kati yetu pazia. Nilimwelekeza kwa sauti. Weka mto katikati ya magoti. Usimvute bega. Geuza kwa upande usiopasuliwa. Rose alijitahidi mpaka nikamsikia akihema. Siku ya nne au ya tano akatoka na uso uliokunjamana.

"Shemeji," akasema, "hapa nyuma, kwa mfupa, pamekuwa nyekundu. Na haitaki kuisha."

Nikamwambia apabonyeze kwa kidole na kuachia. Ngozi nzima ikibonyezwa hugeuka nyeupe kidogo kisha damu ikarudi. Ikibaki nyekundu vilevile, kidonda cha kulalia kimeshaanza chini, hata kama juu hakijafunguka, na kwa mtu wa umri ule kidonda hicho kinaweza kummaliza wakati nyonga imepona. Rose akaingia, akarudi. Ilibaki nyekundu.

Nikasimama. Nikamwambia Wanjala kwamba lazima nipaone mahali pale, na kwamba kuanzia leo mama ataoshwa na mimi, na atageuzwa na mimi kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Wanjala alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini. "Khisa, wacha bana," akasema. "Hapa si Ujerumani. Wale walikuwa mama za watu. Huyu ni Mayi, mama yetu sisi. Ukimfungua nguo leo, kesho utamwangalia aje?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira ya mtu anayejua kazi yake, lakini hasira haikuja. Alikuwa ananiuliza swali langu mwenyewe, lile nililolala nalo kitanda cha ugenini nikiwa kijana. Nilisimama katikati ya sebule ya mama yangu, miguu yangu haijui kwenda mbele wala nyuma. Niliogopa. Niliogopa kidonda, na niliogopa zaidi kwamba nikipita lile pazia nitampoteza mama nikijaribu kumwokoa.

"Papa," mama akaita kutoka chumbani.

Tangu nizaliwe ananiita hivyo, yaani baba, kwa sababu nina jina la baba yake. Ni kawaida kwetu, mtoto hubeba jina la mzee aliyekufa na huitwa kwa cheo chake, na mtu akizoea hata haoni ajabu mama yake akimwita baba. Nikaitika. Nikasogea mpaka kwenye pazia nikasimama.

"Nimesikia maneno yenu yote," mama akasema, kwa Kibukusu, bila kuinua sauti. "Nikiwa mtoto nilipata surua. Mama yangu alikuwa ametoka kujifungua, hawezi kusimama, na nyumbani hakuna mwanamke mwingine. Ni baba yangu Khisa aliyenibeba nyuma ya nyumba akaniosha kwa maji ya majani, asubuhi na jioni, mpaka nikapona. Watu walimcheka. Akaendelea kuniosha. Nilipokuzaa nikakupa jina lake, na sikulitoa bure." Akapumzika kidogo. "Sasa mimi ni mgonjwa tena. Papa, ingia umwoshe mtoto wako."

Wanjala alikuwa nyuma yangu. Sikumwangalia. Nilimsikia tu akiondoka kwenda jikoni, nikasikia sufuria, nikasikia maji yakimiminwa, na akarudi na beseni akanipa mikononi. Kisha akatoka nje akawafukuza watoto waliokuwa wakicheza karibu na dirisha.

Nikaingia. Mama alikuwa ameugeuza uso kunitazama, na hakuuondoa. Nilikaa kitandani pake, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nikiwa mtoto, nikampa maji ayajaribu. Akasema ni mazuri. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimgeuza, nikapaona mahali pale pekundu, padogo kuliko kiganja, ngozi bado nzima, na nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mama akauliza ni kibaya kiasi gani. Nikamwambia tumewahi. Akaanza kunieleza jinsi baba yake alivyokuwa akiimba akimwosha, wimbo wa kuchunga ng'ombe, sauti mbaya ajabu, na akacheka, na mgongo wake ukacheka chini ya mkono wangu. Halafu maneno yakapungua. Kabla sijamaliza kumkausha mabega, mtoto wangu alikuwa amelala.